Ukurasa wa "Kuhusu Sisi" kwa kampuni inayopandisha wageni mlimani: namna ya kuuandika usomwe

Fungua tovuti za kampuni zinazopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Kuhusu Sisi, usome tano au sita mfululizo. Halafu ziba majina. Utakuta zote ni "kampuni inayoongoza", zote zina "timu yenye uzoefu wa muda mrefu", zote zinatoa "huduma bora kwa bei nafuu". Ukimpa mwenye kampuni maandishi hayo bila nembo, sidhani kama atautambua ukurasa wake.

Na huo ndio ukurasa ambao mgeni huufungua akiwa amekaribia kutoa pesa. Bei ameshaiona, picha za kileleni ameshaziangalia, njia ya Machame ameshailinganisha na Lemosho. Kilichobaki ni kujua anamtumia nani malipo ya awali. Kwa hiyo ukurasa huu kazi yake ni kumtoa mtu hofu, na hofu haitolewi kwa sifa. Inatolewa kwa mambo anayoweza kuyahakikisha mwenyewe akiwa amekaa kwake Munich au Toronto.

Mifano yote hapa ni ya kampuni za Moshi na Arusha. Mwenye nyumba ya wageni Jambiani au muuza vinyago wa Mwenge ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Kwanza, kusanya maswali ya wageni

Usianze na karatasi tupu. Fungua WhatsApp na barua pepe za kampuni, rudi nyuma miezi kadhaa, na unakili kila swali ambalo wageni wameuliza kabla ya kulipa. Weka kando ya bei na tarehe, hayo yana kurasa zake. Yatakayobaki ndiyo mali.

Mara nyingi yanaangukia sehemu tatu. Kuna ya utapeli: mna ofisi kweli, mmesajiliwa, nikituma pesa nitapata risiti? Kuna ya usalama: nikiugua kwa sababu ya mwinuko nani ataamua nishuke, mna mtungi wa oksijeni? Na kuna ya wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo mlimani: wanalipwa kiasi gani, wanakula nini, wanalala wapi? Hili la tatu kampuni nyingi hulidharau, lakini mgeni wa Ulaya au Marekani amesoma habari za wapagazi kubebeshwa kupita kiasi na hataki kuwa mmoja wa waliosababisha.

Yaandike maswali hayo kwenye karatasi uibandike mbele yako. Aya isiyojibu hata moja haina kazi kwenye ukurasa.

Mhoji mwenye kampuni kabla ya kuandika

Kama mwenye kampuni ni wewe, tafuta mtu akuhoji. Tumia kinasa sauti cha simu, ongeeni Kiswahili, au Kichaga kama ndicho kinachokutoka vizuri. Watu wanaojieleza vizuri sana wakiongea hukauka wakishika kalamu. Ghafla wanaanza kuandika kama barua ya kuomba kazi.

Maswali ya jumla huzaa majibu ya jumla. Ukiuliza "kwa nini ulianzisha kampuni?" utajibiwa "napenda utalii na nilitaka kuwapa wageni huduma bora", na hapo umerudi pale pale. Uliza hivi: mara ya kwanza kupanda mlima ulikuwa umebeba nini? Nani alikuingiza kwenye kazi hii? Mgeni wa kwanza wa kampuni yako mwenyewe ulimpataje? Kwenye kampuni ulizofanyia kazi, ni jambo gani uliliona ukasema kwangu halitatokea? Mgeni akizidiwa kambi ya Barafu usiku wa manane, neno la mwisho ni la nani? Mpishi wako mmekuwa pamoja tangu lini, na kwa nini hajaenda kwingine?

Wengi wenye kampuni ndogo hapa Moshi walianzia chini kabisa: mgumu, kisha mpishi au msaidizi wa kiongozi, kisha kiongozi mwenye leseni, ndipo kampuni. Cha ajabu, njia hiyo hufichwa kama aibu. Mahali pake panawekwa picha ya mtu amevaa suti nyuma ya meza. Ni hasara kubwa. Mtu aliyewahi kubeba kilo 20 kutoka geti la Machame hadi kambi ya kwanza, mvua inanyesha na viatu vimefunguka soli, ana sababu ya kujua mgumu anahitaji koti la aina gani. Mgeni akisoma hilo ameshajibiwa maswali mawili kwa mpigo.

Sentensi ya kwanza

Hapa ndipo kurasa nyingi hufia. Chukua mfano huu ulioenea:

"Karibu katika kampuni yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa kutoa huduma bora za utalii zenye viwango vya kimataifa nchini Tanzania."

Hakuna kitu humo. Inaongoza kwa lipi, na nani aliyepima? Viwango vya kimataifa vipi? Linganisha na huu:

"Tunapandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia za Machame, Lemosho na Rongai. Ofisi yetu iko Moshi mjini, na mtu anayejibu barua pepe yako ndiye utakayemkuta amesimama uwanja wa ndege akikusubiri."

Sentensi mbili, na mgeni ameshajua mnafanya nini, mko wapi, na kwamba hatapitishwa mkono kwa mkono kama kifurushi. Hakuna sifa hata moja na bado kampuni imesifika. Kizuri chajiuza.

Kanuni yangu ya sentensi ya kwanza ni hii: kama kampuni jirani inaweza kuinakili bila kubadilisha neno na bado ikawa kweli kwao, ifute. Mimi huiandika mwisho, baada ya kila kitu kingine kukaa mahali pake, maana ndipo ninapojua kampuni hiyo ina nini ambacho wengine hawana. Wakati mwingine ni kitu kidogo tu: wanapokea makundi ya watu wasiozidi wanane, au kiongozi mkuu ni mwanamke, au hawauzi safari ya siku tano kwa sababu wanaona ni fupi mno. Hicho ndicho cha kuweka mbele.

Hadithi yenu, kwa ufupi

Baada ya sentensi za mwanzo mgeni yuko tayari kusikia mlikotoka, ila msimchoshe. Maneno mia moja na hamsini yanatosha. Tuseme kampuni ni ya ndugu wawili wa Machame. Ingeweza kusomeka hivi:

"Kaka mkubwa alianza kupanda mlima akiwa mgumu, akibeba majiko na mitungi ya gesi. Mdogo wake alimfuata alipomaliza kidato cha nne. Kwa miaka mingi tulifanyia kazi kampuni za watu, na tuliona jambo moja likijirudia: mgeni analala kwenye hema zuri, aliyembebea hema hilo analala kwenye hema linalovuja. Tulipopata leseni yetu, pesa ya kwanza ilinunua mahema ya wagumu. Ya wageni tulikodi mpaka msimu uliofuata."

Angalia kinachofanyika humo. Hakuna "tunathamini wafanyakazi wetu", lakini msomaji amelisikia. Mitungi ya gesi, hema linalovuja, mahema ya kukodi: haya mtu wa nje hawezi kuyabuni, na mgeni anahisi hivyo hata kama hajawahi kufika Afrika.

Ila yawe ya kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na mlimani ni fupi zaidi, kwa sababu mgeni atakaa na wagumu wako siku saba akiwauliza mambo kwa Kiingereza cha kuungaunga, na wao watajibu wanavyojua. Pia usijipachike kwenye historia. Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na walikuwa na watu wa hapa waliowasaidia. Kila familia ya Marangu ina babu yake katika habari hiyo. Kama mna uhakika, semeni. Kama ni masimulizi ya nyumbani, andikeni kwamba ndivyo mlivyosimuliwa na wazee. Mgeni hapungukiwi kitu, tena huipenda hivyo hivyo.

Vile vichwa vya "dira", "dhima" na "maadili yetu ya msingi" vipeleke kwenye andiko la kuombea mkopo benki. Sijawahi kukutana na mgeni aliyechagua kampuni kwa sababu ya dira yake.

Ushahidi: badilisha kila sifa iwe jambo la kuhakikisha

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila neno la sifa kwenye rasimu, na kwa kila moja jiulize: nina nini cha kuonyesha?

Umeandika "kampuni halali". Weka jina kamili kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, na namba ya usajili. Taja leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, maana bila hiyo hupaswi kuendesha biashara ya kuongoza watalii. Kama mko kwenye chama cha kampuni za utalii, TATO cha Arusha au KIATO cha hapa Kilimanjaro, sema, ilimradi ada mmelipa na jina lenu bado lipo kwenye orodha. Wapo wageni wanaokwenda kuangalia. Wateja wa Ujerumani wamezoea hivyo zaidi, kwa kuwa kwao sheria inaitaka tovuti ya biashara ionyeshe jina la mhusika, anwani na mawasiliano. Wasipoviona kwako hawatakuuliza, watafunga tu.

Umeandika "tunawajali wagumu". Hapa sema mambo yanayopimika. Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Nyie mnahakikishaje kabla ya kufika getini? Mshahara unalipwa lini, na kwa njia gani? Wanakula milo mingapi kwa siku? Bakshishi inagawiwa mbele ya nani? Kama ni washirika wa KPAP, ule mradi wa Moshi unaofuatilia maslahi ya wapagazi na kuwaazima mavazi ya mlimani bure, taja bila haya. Kama si washirika, usiweke nembo yao. Nembo ya kuazima ikigundulika inafuta kila kitu kingine ulichoandika.

Umeandika "usalama wako ni kipaumbele chetu". Sentensi hiyo iko kwenye kila tovuti na haijamwokoa mtu. Andika mnachofanya: viongozi wanapima oksijeni na mapigo ya moyo ya kila mgeni asubuhi na jioni, wanaandika kwenye daftari, mtungi wa oksijeni unapanda na msafara hadi kambi ya mwisho, na kiongozi mkuu ana mamlaka ya kumshusha mgeni hata kama mgeni anakataa na hata kama amebakiza saa moja tu. Hili la mwisho linawaogopesha wenye kampuni, wanadhani litafukuza wateja. Mimi nimeona linawavuta, hasa wanaokuja na wazazi wao au watoto wakubwa.

Halafu kuna ile asilimia. "Asilimia 98 ya wageni wetu hufika kileleni." Labda ni kweli, labda mtu aliiona kwa jirani akaipenda. Ukitaka kuitumia, eleza mmeihesabuje: ni msimu upi, wageni wangapi, njia ipi na kwa siku ngapi? Aliyeishia Stella Point, pale ukingoni kabla ya kilele, mnamhesabu, au mpaka afike kilele cha Uhuru? Safari ya siku nane kwa Lemosho humpa mwili nafasi ya kuzoea mwinuko kuliko ya siku tano kwa Marangu, hivyo kuzichanganya kwenye hesabu moja hakumsaidii mtu. Kama hamna rekodi, acheni asilimia kabisa na muanze kuweka daftari msimu huu.

Hakiki na tarakimu ndogo ndogo. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Ukiandika 5,985 kwa kidole kuteleza, mgeni aliyeusoma mlima mwaka mzima ataiona kabla ya kuona jina la kampuni.

Watu na picha

Weka watu watano au sita ambao mgeni atakutana nao kweli: anayejibu ujumbe, dereva, kiongozi mkuu, mpishi, mkuu wa wagumu. Kila mmoja jina la kwanza, kazi yake, na jambo moja linalomhusu yeye tu. "Ana uzoefu wa miaka kumi" linamfaa kila mtu. "Ndiye anayepika mtori siku ya tatu, na hakubali mtu ainuke mezani bila kumaliza bakuli" linamhusu mpishi mmoja tu hapa duniani, na mgeni atamtafuta kwa jina akishuka kwenye gari.

Picha zipigwe na nyie wenyewe. Simu nzuri inatosha. Pigeni asubuhi au jioni jua likiwa limelala, nje ya ofisi au kambini, watu wakiwa kazini: dereva anakaza nati za gurudumu, viongozi wanapima mizigo, mpishi amefunika sufuria. Picha za kuokota intaneti ni hatari, kwa sababu mgeni anaweza kuitafuta picha hiyo hiyo na kuikuta kwenye kampuni nyingine tano. Na punguza ukubwa wa faili kabla ya kupandisha. Ukurasa unaochukua nusu dakika kufunguka hausomwi.

Kuna jambo la ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu pamoja na jina lake ni taarifa zake. Mweleze kila mfanyakazi picha inakwenda wapi, mpe karatasi fupi asaini, na akiacha kazi akataka itolewe, itoe. Kwa wageni ni hivyo hivyo, na watoto wao hata usifikirie bila kibali cha wazazi.

Lugha

Andika kwanza kwa Kiswahili, kama mlivyoongea kwenye ile rekodi, ndipo upeleke Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa. Ukianza moja kwa moja na Kiingereza utaangukia kwenye misemo ileile ya vipeperushi. Programu za kutafsiri zinasaidia rasimu, lakini apitie mtu anayeijua lugha, maana zina mitego yake hapa kwetu. "Wagumu" zinaweza kuwafanya watu wenye roho ngumu. "Tunakuchukua hotelini saa mbili asubuhi" inaweza kutoka kama saa nane za usiku, na mgeni akashinda macho makavu barazani na mabegi yake. Kwa wageni andika 8:00 na ueleze kuwa ni saa za Afrika Mashariki. Uwanja wa ndege sisi tunauita KIA, ila tiketi yake imeandikwa JRO. Kwenye tafsiri weka JRO.

Ukiwa peke yako usiandike "timu yetu". Sema "mimi", ueleze kwamba viongozi na wagumu unawaita kwa kila safari na ni walewale. Kuwa mdogo si kasoro kwa mgeni anayetafuta mtu wa kuongea naye moja kwa moja. "Hakuna matata" waachie wauza fulana.

Kisha isome rasimu yote kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, pana neno la kufuta.

Mwisho wa ukurasa

Msomaji aliyefika chini asiachwe hewani. Mpe namba ya WhatsApp inayoanza na +255, jina la atakayejibu, na muda halisi wa kujibu. Kama usiku mnalala, semeni mnajibu asubuhi. Eleza ofisi ilipo kwa mtaa na jengo, weka na ramani. Ukurasa mzima, kuanzia sentensi ya kwanza hadi hapa, usizidi maneno mia tano hivi, na vichwa vidogo vya kumsaidia anayesoma kwenye simu.

Kabla ya kuuweka hewani, mpe mtu asiyeijua kazi yenu ausome kwenye simu yake mara moja tu, kisha mnyang'anye simu. Muulize: hawa wako wapi, nani atanipokea, na wana nini ambacho wengine hawana? Akibabaika kwenye la tatu, rudi kwenye rekodi ya mahojiano; jibu huwa limo, ulilipita tu.

Baada ya hapo mpe mtu mmoja ofisini jukumu la kuupitia mara mbili kwa mwaka, mwezi Mei kabla ya msimu wa Juni hadi Oktoba, na mwezi Novemba kabla wageni wa Krismasi hawajaanza kuingia. Aangalie leseni kama ni ya mwaka huu, dereva aliyeondoka kama bado anatabasamu pale, na namba ya simu kama bado inapokelewa.